Kilichokwama Bawabani

Saa moja na nusu asubuhi, barafu imeng'ang'ania dirisha,
nafungua bahasha ya kwanza.
Naitwa Regula Betschart. Kazi yangu ni visu vinavyorudi.
Vipya vina wenyewe, ghorofa ya chini,
na mashine zao na redio yao.
Mimi huletewa vilivyochoka.

Kisu cha kukunja hakijui kuficha. Mwenyewe huandika,
"Kimekwama tu, sijui kwa nini,"
nami nikipenyeza sindano bawabani
hutoka magamba ya samaki, nta, mchanga
wa jangwa ambalo sitalikanyaga,
uzi mwekundu wa sweta,
na mara moja jino la mtoto, la maziwa,
dogo kama punje ya mchele.
Sikuuliza. Nililirudisha limefungwa kwa karatasi.

Wageni hudhani kilibuniwa kwa ajili ya matembezi,
jibini, na picha juu ya mlima.
Babu yangu Meinrad alikabidhiwa chake jeshini:
mpini wa mti mweusi, vifaa vinne, basi.
Bapa la kukatia mkate.
Msharasi wa kutobolea ngozi.
Kifungua kopo, maana chakula kilianza kuja kimevikwa bati.
Na bisibisi, kwa ajili ya bunduki.
Ndiyo, bunduki. Ilikuwa na skrubu, na skrubu ikadai mkono.
Tena vile vya kwanza vilifuliwa Ujerumani;
huku kwetu ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyundo.
Tusijisifu sana.
Kizibuo kilifuata baadaye, kwa maofisa.
Kiu ya askari wa kawaida haikuhesabiwa.

Bunduki ya babu haikumpiga mtu.
Bisibisi ndiyo iliyofanya kazi: ikakaza kengele ya ng'ombe,
mlango wa kabati, miwani ya padri,
ncha yake ikalika upande mmoja kama kisigino.
Na mwaka viazi vilipooza ardhini
bibi aliuchukua ule msharasi
akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa babu,
kisha jingine,
kisha jingine.
Mkanda huo ninao. Matundu matano yanaelekea ndani
kama nyayo za mtu anayerudi nyumbani.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Aliyesema hivyo aje akae mezani pangu.
Ataona bapa butu, jembamba kama jani la vitunguu,
lililolisha watoto saba;
na kisu chenye vifaa thelathini na kitu,
msumeno, mkasi, tupa, kioo cha kukuzia,
hakijawahi kufunguliwa,
bado kinanukia sanduku.

Jana ilifika bahasha kutoka Italia, milimani.
Ermelinda Giordanengo, mwandiko wa kuegemea kushoto:
"Kilikuwa cha mume wangu. Alikitumia kupandikiza michestnati.
Springi imevunjika. Tafadhali itengenezeni,
lakini msikisafishe."

Kanuni ya karakana inasema kila kisu kitoke kiking'aa.
Nimekifungua. Utomvu mweusi, mkavu,
na ndani yake alama ya kidole gumba,
wazi, mistari yote.
Springi haingii bila kupita hapo.
Nilikaa. Redio ya chini ilitangaza theluji, kisha muziki, kisha theluji tena.
Mwenzangu Alois akapita, akatazama, akasema, "Petroli kidogo tu,"
akaenda kunywa kahawa.

Sikutumia petroli.
Nilichukua kisu cha babu, bapa lake jembamba,
nikaupunguza utomvu kwa pembeni, pole pole, chembe kwa chembe,
mpaka springi ikapata njia ya upana wa unywele.
Saa tatu. Kazi ya dakika kumi.
Kwenye kitabu cha kazi nikaandika: *springi moja, imebadilishwa*.

Kinafunguka sasa kwa mlio mkavu.
Kimebaki kichafu. Gumba limepona,
isipokuwa ukingo mmoja, mstari mmoja au miwili,
ambao hivi sasa uko chini ya ukucha wangu,
na sijanawa.